Mwonjaji Aliyesimama Hadi Mwisho wa Wimbo

Ipo nchi inaitwa Neemani. Asiyeijua asihangaike kuisaka kwenye ramani, kwa maana wachora ramani walipofika mpakani waliambiwa warudi kesho, na kesho ya Neemani huwa haina haraka.

Ni nchi ya amani, na amani yake imelazwa juu ya mkate. Asubuhi Mneemani hunywa chai kwa mkate, jioni hunywa chai kwa mkate, na mkate wenyewe haumezwi mkavu. Mkate mkavu, husema wao, ni wa mahabusu na wa wachumba walioachwa. Serikali ilipoliona hilo iliunda Wizara ya Vitu vya Kupaka Mkate, ikaijengea jumba la ghorofa saba, na kwa miaka arobaini wizara hiyo ilitengeneza kitu kimoja tu: Siagi ya Ukombozi, ya rangi ya njano, ndani ya kopo la bati, isiyoyeyuka juani wala tumboni.

Mtu atauliza, usalama wake ulipimwaje? Nchi nyingine hupima kwa maabara. Neemani nayo ilikuwa na maabara, tutaifikia. Lakini Mneemani haamini karatasi. Amepewa karatasi nyingi mno maishani mwake. Huamini anachokiona kwa macho. Ndiyo maana kukawa na Kanuni ya Tano. Kila shehena mpya ya siagi ilipotoka kiwandani, Mwonjaji Mkuu wa Taifa alipanda jukwaani, akala slesi moja iliyopakwa mbele ya umati, kisha wimbo wa taifa ukapigwa. Wimbo ukiisha naye bado amesimama, siagi ni salama. Akianguka kabla haujaisha, siagi si salama, inamwagwa yote. Hakuna la tatu.

Zamani wimbo huo ulikuwa na beti sita. Kisha Mwonjaji wa kwanza akaanguka kwenye ubeti wa tano, akafa. Serikali haikukaa kimya. Iliunda tume, tume ikazunguka nchi nzima ikila na kunywa, na mwishowe ikapendekeza kwa kauli moja kwamba wimbo upunguzwe uwe na beti mbili. Tangu hapo hakuna Mwonjaji aliyewahi kuanguka, jambo ambalo Neemani hulitaja kwa fahari kila ipatapo mgeni.

*

Mwonjaji wa zama hizi alikuwa Mzee Damasi Lukwaro, mgane mwenye uso mpana na meno yote. Awali alikuwa mchoma mikate. Aliteuliwa kwa sababu wanawake wa sokoni walisema uso wake hauwezi kudanganya, na walisema kweli. Uso ule haukudanganya hata siku moja. Ulitumiwa tu.

Kwa miaka kumi na tisa alikula, akasimama. Njiani watu walimwamkia huku wakimkagua kama wanavyokagua nyanya.

"Shikamoo, Mzee Damasi. Mbona leo umepauka?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeishiwa mafuta ya kujipaka tu."

"Ahaa! Umenishtua. Basi ngoja nikachukue kopo langu."

Siku moja alikohoa mbele ya duka, na duka lile halikuuza kopo hata moja kwa siku tatu. Wizara ikamwandikia barua yenye muhuri, ikimkataza kukohoa hadharani pasipo kibali. Macho yake yalipoanza kugeuka rangi yakafanana na siagi yenyewe, ikampelekea miwani ya jua, na barua nyingine ya kumpongeza.

Mzee Damasi alikuwa na mtoto mmoja, Yusta. Mama yake alifariki Yusta akiwa na miaka mitatu, na baba ndiye aliyemsuka nywele, vibaya, mpaka alipojifunza kuzisuka mwenyewe. Alimsomesha mpaka chuo kikuu, sayansi ya vyakula. Yusta alirudi na shahada na imani moja kubwa: kwamba ukweli ukipimwa vizuri, ukaandikwa kwa mwandiko unaosomeka, utapita mlango wowote. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Mtu wa umri huo asamehewe.

Wizara ikamwajiri kwenye maabara yake, ghorofa ya saba, jirani na choo. Palikuwa na hadubini moja iliyofunikwa kitambaa kilichodariziwa, ikifunuliwa tu wageni wanapokuja kupiga picha. Wiki ya kwanza Yusta aliifunua, akaifuta vumbi, akaitumia. Wenzake wakamtazama kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha bwana harusi.

*

Ikazuka hofu nchini. Watu walianza kuugua presha na kisukari, wengine wakidondoka shambani bado vijana, na wasomi wakaleta neno lehemu, wakieleza kuwa ni mafuta yanayoganda kwenye mishipa ya damu. Neno likapendwa kuliko lilivyoeleweka. Mtu akiumwa jino, lehemu. Mume akichelewa kurudi, lehemu. Makopo ya njano yakabaki madukani, na kina mama wa mjini wakaanza kusaga karanga zao majumbani, wakizitia kwenye chupa zenye utepe na kuziita asilia. Ikafika mahali kijana hachumbii mpaka aulize kwao binti wanapaka nini.

Wizara ilijibu mapigo. Kwanza ilichora jani kwenye kopo. Kisha ikatoa Ukombozi Nyepesi, ambayo ilikuwa ile ile, ila kopo lina picha ya msichana anakimbia. Watu wakainunua wiki mbili, wakaona hawakimbii, wakaiacha.

Ndipo Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Fulgensi Mabawa, alipopata wazo. Wananchi wanataka karanga? Serikali inazo karanga. Zilikuwa kwenye ghala la akiba ya taifa, zimehifadhiwa miaka saba chini ya paa linalovuja. Zilipofunuliwa zilikuwa na manyoya ya kijani. Mhudumu wa ghala alirudi nyuma, akaziba pua. Waziri akasonga mbele, akachota kiganja kimoja, akatabasamu.

"Mnaona ukungu huu?" alisema. "Huu ndio ushahidi kwamba hazikupigwa dawa. Kama si asilia hii, ni nini?"

Hivyo ikazaliwa Siagi ya Karanga Asilia ya Taifa. Ingezinduliwa Jumamosi, na Jumatatu yake ingeanza kugawiwa shuleni, slesi moja kwa kila mwanafunzi, kila siku saa nne asubuhi, nchi nzima.

*

Yusta aliipima mara tatu, akitumaini kwamba amekosea. Hakuwa amekosea. Alibeba karatasi zake hadi kwa Mkurugenzi wa Usalama, Bibi Teodosia, mwanamke mnene, mpole, ambaye meza yake ilikuwa na mihuri minane na ua la plastiki.

"Shikamoo, Bibi Mkurugenzi."

"Marahaba. Kaa, binti wa Mwonjaji. Una nini?"

"Ile siagi ya karanga ina sumukuvu. Ni sumu ya ule ukungu wa ghalani. Ipo mara arobaini ya inayoruhusiwa."

"Mara arobaini," alisema Bibi Teodosia, akaandika 40 kwenye pembe ya gazeti, akalizungushia duara. "Na anayeila anaanguka baada ya dakika ngapi?"

"Haanguki kwa dakika, Bibi. Inaingia kwenye ini taratibu. Miaka mitano, kumi. Watoto wanadumaa kwanza, halafu..."

"Kumi!" Mkurugenzi aliweka kalamu chini. "Mwanangu, wimbo una dakika mbili na nusu."

"Najua, Bibi."

"Basi hiyo si sumu kwa mujibu wa Kanuni. Hiyo ni uzee."

"Watoto wa miaka saba, Bibi! Uzee?"

Bibi Teodosia alisimama akafunga mlango, akarudi, akaketi, akalipangusa lile ua la plastiki jani moja moja.

"Mimi nina wajukuu wanne," alisema kwa sauti ya chini. "Wote wanakula mkate mkavu. Usiniulize zaidi ya hapo." Kisha akainua sauti, akagonga muhuri juu ya karatasi za Yusta. Muhuri ulisema: IMESOMWA KWA FURAHA.

*

Alasiri ile Yusta alimkuta baba yake sebuleni, miguu imewekwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Ilikuwa imevimba mpaka viatu vya kazi havikuingia bila kulegeza kamba zote. Mwezi uliopita daktari alimwambia mambo mawili, kwamba ini limechoka na moyo umechoka, na akamshauri apumzike. Mzee aliupeleka ushauri huo wizarani, wakamjibu kwamba Mwonjaji hapumziki ila kwa kuanguka.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Uso huo wa nani umeuvaa leo?"

Akamweleza. Alieleza polepole, bila maneno ya chuoni, kama alivyokuwa akielezwa yeye mambo alipokuwa mdogo. Mzee Damasi alisikiliza huku vidole vya miguu vikicheza majini.

"Kwa hiyo usile, Baba. Jumamosi usiende. Sema unaumwa, na wala hutakuwa umesema uongo."

"Nisipokwenda watamweka mwingine, mzima, mwenye shingo nene. Atakula, atasimama. Halafu?"

"Basi kula uteme."

"Miaka kumi na tisa sijatema." Alitabasamu. "Watu hawasomi lebo, mama. Wananisoma mimi. Mimi ndiye lebo."

"Lakini lebo ikisema..."

"Ngoja." Alinyanyua mkono. "Umesema hii inaua polepole, mtu akiwa amesimama vizuri tu. Je, na ile ya njano?"

Yusta alikuwa amejiandaa kwa maswali yote ila hilo. Aliangalia beseni.

"Yusta. Nakuuliza kama mtaalamu."

"Ile haina sumu hii, Baba. Lakini yale mafuta... ndiyo. Nayo ni polepole."

Nje mtu alikuwa akipita anauza mkaa, akaita, akaita tena, sauti ikapotea.

"Mama Shukuru wa nyumba ya pili," alisema Mzee mwishowe. "Alikuwa ananiambia, 'Mzee Damasi, mimi kopo silinunui mpaka nikuone.' Na kila nikipita alikuwa ananisimamisha aniangalie. Nilimzika mwaka juzi, mishipa. Nilibeba jeneza mbele kabisa, watu wakanipisha kwa heshima." Akavua miwani. Macho yake yalikuwa ya njano kabisa, na yamejaa maji. "Mama, wamekufa wangapi kwa kusimama kwangu?"

Yusta alipiga magoti, akaikumbatia ile miguu ndani ya beseni, maji yakamlowesha gauni mpaka kiunoni. "Si wewe, Baba. Si wewe. Hukujua."

"Sikujua," alikubali. Kisha, taratibu, mabega yake yakaanza kutikisika. Yusta akadhani analia, kumbe anacheka. "Lakini sikiliza ujinga wangu. Miaka yote hii nilikuwa najikaza nisianguke. Nimesimama na malaria mimi! Nimesimama na jino bovu! Na kumbe kilichotakiwa ni kuanguka tu."

"Baba?"

"Kanuni ya Tano. Akianguka kabla wimbo haujaisha, siagi inamwagwa yote. Nani kasema lazima nianguke kweli?"

*

Walifanya mazoezi siku mbili, kwenye godoro walilotandika sebuleni. Mzee Damasi hakuwa na kipaji. Mara ya kwanza alikagua godoro kwa mkono kabla ya kuanguka. Mara ya pili alianguka, akasema "samahani".

"Baba, anguka kama mtu. Unaanguka kama gunia la viazi linaloshushwa na hamali mwenye adabu!"

"Wewe umewaona wangapi wakianguka? Mimi ndiye mwenye uzoefu wa jukwaa."

Walicheka mpaka Yusta akashika mbavu. Alikuwa hajamsikia baba yake akicheka hivyo tangu aanze kukatazwa kukohoa. Wakakubaliana kila kitu. Slesi ataificha shavuni asimeze. Ubeti wa kwanza atausimamia wote, kwa ajili ya heshima. Wa pili, kwaya itakapofika pale pa "tutasimama imara", sauti zinapopanda na kila jicho liko jukwaani, hapo ndipo ataanguka.

"Na wewe usinikimbilie," alisema Mzee Damasi, sasa bila kucheka. "Ukinikimbilia watajua tumepanga. Wewe ni mtu wa maabara. Simama na wenzako, uso mkavu. Nahodha haruki majini kwa sababu baharia mmoja ameteleza."

"Nitajuaje kama hujaumia?"

"Nitakuchezeshea kidole gumba. Ukiona gumba linacheza, jua baba yako mzima, anajinyoosha tu."

"Uape."

"Naapa. Nawe uape hutakimbia."

Yusta akaapa.

*

Jumamosi uwanja ulijaa. Palikuwa na bendi ya polisi, kwaya ya wafanyakazi wa wizara waliovaa sare zenye picha ya karanga, na mabango makubwa: ULAJI WA KISASA, KARANGA YA KALE. Wakuu wa shule waliketi mstari wa mbele, kila mmoja na barua ya kupokea madebe yake ya siagi. Yusta alisimama na wenzake wa maabara, upande wa kushoto wa jukwaa, hatua ishirini kutoka kwa baba yake.

Mheshimiwa Mabawa alihutubia.

"Ndugu wananchi! Kuna watu wanasema chakula chetu kina madhara. Nawauliza, kama kina madhara, mbona mko hai? Na waliokufa, je, wamelalamika?" Makofi. "Dunia ya leo inataka asilia. Sisi tumewapa asilia kuliko asilia yenyewe. Tumewapa karanga ambazo hata ukungu umezipenda! Na kwa kuwa hizi ni zama za uwazi, leo tunaongeza hatua moja mpya katika utaratibu wetu. Mwonjaji akishakula, atafungua kinywa, wananchi waone kwamba hakuna kilichofichwa."

Yusta alimtazama baba yake upesi. Mzee Damasi naye, pale juu, aligeuza kichwa kidogo upande wake, kama mtu anayeuliza.

Slesi ililetwa kwenye sinia. Ilikuwa imepakwa unene wa kidole. Mzee akala, taratibu, akitafuna upande mmoja. Waziri akamsogelea na kipaza sauti.

"Fungua, mzee wetu."

Yusta akaona koo la baba yake likipanda na kushuka, mara moja, halafu tena. Kisha Mzee Damasi akafungua kinywa kitupu, akakielekeza kulia, akakielekeza kushoto, na watu wakashangilia.

Si kitu, Yusta alijiambia. Slesi moja. Slesi moja haiui mtu. Alikuwa mtaalamu, alijua. Bado mpango upo.

Bendi ikapiga. Watu wakasimama wima, mikono ubavuni, kwa maana sheria ya Neemani inakataza mtu yeyote asiye askari kujongea wimbo unapopigwa. Kwaya ikaanza: "Neemani mama yetu, wanao tumeshiba..."

Na hapo, kwenye "tumeshiba", Mzee Damasi akaanguka.

Amewahi, Yusta aliwaza. Baba, si ubeti huo, ni wa pili! Na alipomwona alivyokwenda chini, bila kukagua wala kusema samahani, nusura atabasamu. Ameanguka vizuri, aliwaza. Ameanguka kama mtu. Akaukaza uso kama alivyoapa, akatafuta kidole gumba.

Mnong'ono ulipita uwanjani. Mkuu wa shule mmoja alianza kukunja barua yake. Waziri alitazama chini, akaitazama bendi, bendi ikaendelea kwa sababu hakuna aliyewahi kuiamuru iache. Kisha Waziri akanyanyua vidole viwili, na askari wawili wakapanda jukwaani. Wakamshika Mzee Damasi kwapani, mmoja huku, mmoja kule, wakamnyanyua.

"Kanuni inasema abaki amesimama," Waziri alimwambia katibu wake, na kipaza sauti kikapeleka maneno hayo mpaka mwisho wa uwanja. "Haisemi asimame na nani."

Yusta alikitazama kidole gumba cha mkono wa kulia. Kilining'inia. Akahamia cha kushoto. Labda hajaniona, aliwaza. Labda askari wanamwangalia, anaogopa kukichezesha. Kichwa cha baba yake kililala kifuani, miwani ikateleza ikaanguka, na kwaya ikaingia ubeti wa pili. Alihesabu maneno. Alijiambia: nitasubiri mpaka pale petu, pengine ndipo atakapokichezesha. Baba aliapa, naye mwenyewe aliapa. Kwaya ikapandisha sauti: "Tutasimama imara!"

Gumba halikucheza.

Ndipo akakimbia. Alikimbia hatua nane. Askari wa tatu akamdaka kiunoni kwa kosa la kujongea wakati wa wimbo, akamshikilia hapo akipiga kelele "Baba! Baba!", na kelele zake zikaangukia ndani ya matarumbeta. Daktari wa uwanja, ambaye alikuwa karibu zaidi yake, alisimama wima mikono ubavuni, machozi yakimtiririka, akisubiri wimbo uishe.

Wimbo ukaisha.

"Amesimama!" alitangaza Mheshimiwa Mabawa.

Mtu mmoja akapiga makofi, na wengine, wasijue la kufanya na mikono yao, wakapiga pia.

*

Cheti cha kifo kilisema alifariki ndani ya gari, dakika tano baada ya wimbo, kwa moyo kusimama. Wizara ikaeleza kwa huzuni kuwa karanga hazikuhusika hata kidogo. Kilichomuua marehemu ni mafuta ya njano aliyoyala miaka kumi na tisa. Gazeti lilichapisha maelezo hayo ukurasa wa kwanza, na chini yake tangazo la Siagi ya Ukombozi.

Waziri alikuja msibani mwenyewe. Alikaa kwenye mkeka kama watu, akasema maneno mazito kuhusu uzalendo, na alipokuwa anaondoka akamshika Yusta mkono.

"Pole sana, binti. Jipe moyo. Wengi hufa, lakini ni wangapi hufa wakiwa wamefaulu?"

Yusta aliandika barua. Aliandika kwa mwandiko unaosomeka, akaambatisha vipimo vitatu. Jibu lilikuja upesi kuliko jibu lolote katika historia ya Wizara: "Kwa kuwa malalamiko yako yanahusu Mwonjaji kuanguka, na kwa kuwa kumbukumbu zinaonyesha kwamba alisimama, Wizara inasikitika kukufahamisha kuwa hakuna lililotokea." Akaandika tena. Bibi Teodosia akamwita, akamwambia aende likizo, akamkumbatia kwa nguvu, akamnong'oneza, "Mkate mkavu, mwanangu. Mkate mkavu," halafu akarudi kwenye mihuri yake.

Madebe yakaenda shuleni. Saa nne asubuhi, kila siku, nchi nzima.

Yusta hakuwa na jukwaa, wala bendi. Alichokuwa nacho ni miguu. Wiki ya tatu tangu mazishi, alianza kwenda kwenye maduka ya Wizara, anaingia kwenye foleni ya siagi ya karanga kama mnunuzi, anamgusa bega aliye mbele yake, na kumweleza. Siku ya kwanza walimwita mwehu. Siku ya pili walimwita hivyo hivyo, ila kwa upole, maana walikuwa wamemtambua. Siku ya tatu mbele yake alikuwepo mwanamke mwenye kanga ya zambarau, amebeba mtoto mgongoni, ana chupa tupu mkononi.

"Dada, samahani. Naomba usiinunue hii."

Mwanamke aligeuka. "Ni wewe, binti wa marehemu? Pole, mwaya. Mungu akutie nguvu. Lakini si tulimwona wote? Wimbo uliisha mzee wa watu amesimama."

"Alishikwa, dada. Miguu yake ilikuwa haigusi chini."

"Mh! Mimi nilikuwa mstari wa tatu kabisa, mwenzangu. Nilimwona kwa macho yangu haya, amesim..."

Alitazama chupa yake tupu, kisha akatazama chini, kwenye vumbi, kama mtu aliyedondosha kitu siku nyingi na leo ndiyo anakumbuka ni wapi.

"Kiatu," alisema.

"Kiatu gani?"

"Cheusi. Kilimvuka mguu wa kushoto, kikabaki pale jukwaani, mguu wenyewe uko juu yake unabembea. Nilikiona. Nikajiuliza, mtu aliyesimama anavukwaje na kiatu? Halafu watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga." Sauti yake ikapasuka. "Dada, na mimi nikapiga."

Yusta alimshika mkono. Walisimama hivyo kitambo kidogo, foleni ikiwasukuma, mtoto akichezea pindo la kanga.

"Wangu mkubwa yuko darasa la pili," alisema mwanamke.

"Saa nne bado," alisema Yusta. "Ukienda sasa hivi utamuwahi."

Mwanamke akakaza kanga, akamvuta mtoto juu mgongoni, akatoka kwenye foleni. Alianza kwa kutembea, na alipofika kwenye kona alikuwa anakimbia.

Foleni ikasogea hatua moja mbele, ikaziba nafasi yake. Yusta akajifuta uso kwa kiganja, akamgusa bega aliyefuata.